Besiboli ya Japani: Wanagombea Mshahara, Wanachotaka ni Mlango

Mwishoni mwa Januari 2024, kambi za mazoezi zikiwa zinakaribia kufunguliwa, katika klabu zote 12 za besiboli ya kulipwa ya Japani alibaki mchezaji mmoja tu ambaye hajasaini mkataba wa msimu mpya. Alikuwa Roki Sasaki, mrushaji wa Chiba Lotte Marines, kijana wa miaka 22. Ndiye yule ambaye Aprili 2022 alirusha mchezo mzima dhidi ya Orix Buffaloes bila mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Safari hii hakuna aliyemsifu. Aliitwa mbinafsi na mkosa shukrani, mtoto ambaye hajawahi kumaliza msimu mzima kikosini lakini anaiwekea ngumu klabu iliyomlea. Siku chache kabla ya kambi akasaini, na kwa makadirio ya magazeti atalipwa yeni milioni 80, kiasi kile kile cha mwaka uliotangulia.

Nani anaweka ngumu majira ya baridi yote halafu anasaini kwa pesa ile ile? Sasaki alitaka ruhusa ya kwenda Marekani na klabu ilitaka abaki. Kikao cha mshahara kilikuwa mahali pekee ambapo angeweza kulisema hilo na klabu ikalazimika kumsikiliza. Ndivyo ninavyoisoma migogoro mingi ya mishahara katika besiboli ya Japani. Pesa ndiyo inayoandikwa kwenye kichwa cha habari, lakini ukiifuatilia kesi hadi mwisho unakuta mtu anatafuta njia ya kutoka, na njia hiyo imefungwa kwa miaka mingi kuliko maisha ya kawaida ya mchezaji uwanjani.

Kwanza tuone baridi yenyewe inavyokwenda. Msimu ukimalizika, kuanzia Novemba hadi Desemba, wachezaji wanaitwa ofisini mmoja mmoja. Ndani ya chumba kuna viongozi wa klabu, na mezani kuna hesabu ya mwaka mzima. Klabu huajiri watu ambao kazi yao ni kutoa alama kwa kila tendo uwanjani, si kwa mipira iliyopigwa vizuri tu, bali hata kwa mpigaji aliyekubali kutolewa ili mwenzake asogee kituo kimoja mbele. Alama hizo hujumlishwa na kugeuzwa kuwa yeni. Mchezaji akikubali, anasaini. Asipokubali, anatoka bila kusaini na kikao kingine kinapangwa. Akifika Februari mosi, siku ya kufunguliwa kambi, bado hana mkataba, anajilipia mwenyewe gharama za mazoezi.

Akitoka chumbani anakutana na waandishi wa habari na kamera. Anaulizwa ameridhika kiasi gani, atanunua nini, atampa mama yake nini. Kinachonishangaza mimi ni kwamba kiwango halisi klabu haikitangazi. Waandishi wanakisia, mchezaji anatabasamu au anaonyesha vidole, na kesho yake gazeti linaandika tarakimu pamoja na neno "makadirio". Nchi nzima inajadili mshahara ambao rasmi haujulikani, na mchezaji anayeingia ofisini kesho kutwa hana uhakika mwenzake wa kabati la pili analipwa ngapi. Tunda la usiri huo tutalikuta mbele.

Kuna baridi zenye furaha pia. Ichiro Suzuki, akiwa na miaka 20, mwaka 1994 alipiga mipira 210 ya kufika kituoni katika msimu wa michezo 130, na Orix ikampandisha kutoka yeni milioni 8 hadi milioni 80. Munetaka Murakami wa Yakult Swallows alipiga homurani (mipigo inayotoa mpira nje ya uwanja) 56 mwaka 2022, na mwaka uliofuata akaanza mkataba wa miaka 3 wa takriban yeni milioni 600 kwa mwaka. Ukiwa na msimu wa namna hiyo huhitaji hoja.

Wasio na msimu wa namna hiyo ndio wanaoonyesha mfumo ulivyo. Mchezaji wa Japani ni mali ya klabu iliyomchagua kwenye droo ya kugawana wachezaji wapya mpaka atimize miaka ya kuwa mchezaji huru. Utaratibu huo haukuwepo kabisa hadi 1993. Leo, aliyeingia kutoka sekondari anahitaji misimu 8 ili ahamie klabu nyingine ya ndani, na aliyetoka chuo kikuu au timu ya ridhaa ya kampuni anahitaji 7. Kwenda nje ni misimu 9 kwa wote. Na msimu hauhesabiki kwa kalenda. Msimu mmoja ni siku 145 za kuandikishwa kikosi cha kwanza, kwa hiyo mrushaji aliyepasuliwa kiwiko, au kijana anayepelekwa kikosi cha pili kila Juni, anaweza kuitumikia klabu miaka 12 na bado akaambiwa hajafika. Marekani mchezaji anakuwa huru baada ya miaka 6 ya ligi kuu, na kwa kawaida akitimiza miaka mitatu anaweza kuomba mshahara wake uamuliwe na jopo huru.

Mpaka muda huo utimie, mchezaji anauza kipaji chake sokoni kwa mnunuzi mmoja. Na mnunuzi mwenyewe si klabu kwa maana tuliyoizoea kwenye soka. Yomiuri na Chunichi ni magazeti, Hanshin na Seibu ni kampuni za reli, Nippon-Ham wanauza nyama, Lotte pipi na chokoleti. Mwaka 1954 mamlaka ya kodi ya Japani iliruhusu kampuni mama kuhesabu fedha inazotoa kufidia hasara za timu yake kama gharama za matangazo. Tangu hapo mshahara wa mchezaji umekaa kwenye fungu moja na mabango. Bosi wa kampuni hamtazami mpigaji kama mtaji unaozaa faida, anamtazama kama gharama ya kujitangaza, na gharama za kujitangaza hupunguzwa mwaka mbaya ukifika. Hata mahudhurio yalipopanda na klabu kadhaa zikaanza kujiendesha kibiashara, tabia ya mezani ilikuwa imeshazoeleka.

Hapa nataka kukaa kidogo na mtu mmoja, maana maisha yake yanauonyesha mgogoro huu kwa pande zake zote. Hiromitsu Ochiai alitwaa mataji matatu ya upigaji kwa mpigo mara tatu, 1982, 1985 na 1986, akiwa Lotte. Baada ya mara ya tatu alibadilishwa kwa wachezaji wanne wa Chunichi Dragons, na Chunichi ikampa yeni milioni 130. Hakuna mchezaji wa Kijapani aliyekuwa amevuka milioni 100 kabla yake. Alikuwa mtu wa kusema wazi kwamba yeye ni fundi na fundi hulipwa kwa kazi yake, kauli iliyowakera wengi katika nchi ambayo mwanamichezo hutarajiwa kuinamisha kichwa na kusema anamwachia kila kitu mwajiri.

Mwaka 1990 aliongoza ligi yake kwa homurani na kwa mikimbio aliyoileta. Alikuwa akilipwa milioni 165. Aliomba milioni 270, klabu ikasema 220. Ochiai akafanya ambacho hakuna nyota wa ukubwa wake aliyekuwa amekifanya. Mwaka 1991 alipeleka shauri lake kwenye usuluhishi wa ligi, na uamuzi ukatoka milioni 220, yaani tarakimu ya klabu bila kuongezwa hata yeni.

Ungekuwa mchezaji wa kawaida wakati huo ungejifunza nini? Kama mpigaji bora wa nchi, akiwa na mataji mawili mkononi, amefika mbele ya wasuluhishi akatoka mikono mitupu, wewe mwenye wastani wa katikati uende kufanya nini? Usuluhishi upo kwenye kanuni kwa miongo mingi, lakini mashauri yaliyofika hadi uamuzi unaweza kuyahesabu kwa vidole. Baada ya lile la Tsuyoshi Shimoyanagi wa Nippon-Ham mwaka 2001 ilipita miaka 10 hadi Hideaki Wakui wa Seibu Lions alipokwenda Januari 2011. Wakui alikuwa mrushaji bora wa Japani wa 2009, na 2010 alishinda michezo 14. Aliomba milioni 270, klabu ikashika 220, tarakimu zile zile za Ochiai miaka 20 baadaye. Safari hii jopo lilitoa milioni 253.

Kwa hesabu Wakui alishinda. Lakini tazama kilichofuata, au tuseme kisichofuata: foleni ya wachezaji haikutokea. Kwenda kwenye usuluhishi kunaonekana kama kumshtaki baba mzazi barazani. Klabu haisahau, mashabiki wa kampuni hawapendi, na mchezaji anajua kwamba akistaafu ajira za ukocha na uchambuzi zinatoka kwa watu hao hao. Kosa si la sheria peke yake. Nchini Marekani jopo hulazimika kuchagua tarakimu moja kati ya mbili, haliruhusiwi kukata katikati, kwa hiyo kila upande unaogopa kutaja kiwango cha kichekesho na wengi wanapatana kabla ya siku ya kusikilizwa. Japani jopo linaweza kutoa tarakimu yoyote. Klabu ikitaja kiwango cha chini sana haiadhibiwi kwa hilo.

Turudi kwa Ochiai, maana hadithi yake haikuishia kwenye kushindwa. Alikuja kuwa kocha mkuu wa Chunichi kuanzia 2004. Baridi ya 2006, Norihiro Nakamura, mpigaji mkubwa aliyerudi kutoka Marekani na kusaini Orix kwa milioni 200, alikuwa amemaliza msimu mbaya akiwa na jeraha la kifundo cha mkono. Yeye alishikilia kwamba jeraha ni la kazini na lazima lihesabiwe hivyo. Orix ikampa ofa ya milioni 80. Hilo ni punguzo la asilimia 60, wakati kanuni zinaweka kikomo cha punguzo: leo ni asilimia 40 kwa anayelipwa zaidi ya milioni 100, na 25 kwa wengine. Klabu inaweza kuvuka kikomo hicho mchezaji akikubali. Nakamura hakukubali. Wakavutana hadi Januari 2007, na Orix ikamwachia.

Ukisoma kanuni ya kikomo unadhani ni ngao. Kwa Nakamura ilikuwa ngao ya karatasi, maana aliyekataa punguzo alipata uhuru wa kukosa kazi. Hakuna klabu iliyomgusa kwa wiki kadhaa, hadi Chunichi ya Ochiai ilipomfanyia majaribio kambini na kumsaini kama mchezaji wa mafunzo, daraja la vijana wasio na nafasi kikosini, kwa yeni milioni 4. Nyota wa milioni 200 akavaa jezi yenye tarakimu tatu. Msimu ulipoanza alikuwa amepandishwa, na Oktoba na Novemba ya mwaka huo Chunichi ilichukua ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza tangu 1954. Mchezaji bora wa fainali hizo alikuwa Nakamura.

Wakati huo ungesema Ochiai ndiye mtetezi wa wachezaji. Oktoba 2013 alirudi Chunichi kama meneja mkuu, yaani mtu wa kukaa upande wa pili wa meza. Baridi yake ya kwanza alikata mishahara kwa kiasi ambacho magazeti yalikadiria kuwa jumla ya milioni 800. Hirokazu Ibata, aliyekuwa nguzo ya ulinzi katika miaka yote ya mataji ya Ochiai mwenyewe, alipewa ofa ya punguzo la asilimia 88 kutoka milioni 190. Akaondoka kwenda Yomiuri.

Wapo wanaomwita mnafiki. Mimi simwoni hivyo. Ochiai alikuwa na msimamo mmoja maisha yake yote: kazi ya mwaka huu ndiyo bei ya mwaka ujao. Alipokuwa mchezaji msimamo huo ulimfanya adai, alipokuwa meneja ukamfanya akate. Tatizo ni kwamba aliyedai alizuiwa na wasuluhishi na miaka ya utumishi, ilhali aliyekata alizuiwa na kikomo ambacho mtu mwenye umri wa Ibata hawezi kukitumia bila kuhatarisha ajira yake.

Toshiya Sugiuchi, mrushaji wa SoftBank Hawks, alilisema jambo hili kwa lugha ambayo kila mteja wa simu anaielewa. Alipogoma kusaini Desemba 2010 aliwaambia waandishi kwamba klabu yake ni kama kampuni ya simu: wateja wapya wanabembelezwa, wa zamani wanaachwa walivyo. Mwenye klabu, SoftBank, ni kampuni ya simu kweli. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na Sugiuchi alikuwa akiona fedha zikimwagwa kwa wanaokuja wakati waliojenga timu wanasomewa alama. Mwaka mmoja baadaye miaka yake ilitimia, akahamia Yomiuri. Klabu iliyobana pesa kwenye meza ikampoteza mlangoni.

Mlango wa nje ndio uliobadilisha kila kitu, na ulifunguliwa na mgogoro wa mkataba. Baridi ya 1994, Hideo Nomo wa Kintetsu Buffaloes alitaka mkataba wa miaka kadhaa na alitaka kuwa na wakala. Klabu ikakataa yote mawili. Nomo na wakala wake wakagundua upenyo: mchezaji aliyestaafu kwa hiari alifungwa ndani ya Japani tu. Akatangaza kustaafu, akasaini Los Angeles Dodgers, na mwaka 1995 akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake Marekani. Upenyo ukazibwa, na mwaka 1998 ukaja utaratibu mpya ambao klabu ya Japani inaweza kumruhusu mchezaji aende mapema na yenyewe ilipwe. Neno zito hapo ni kumruhusu. Kei Igawa wa Hanshin alisumbuana na klabu yake baridi baada ya baridi akiomba ruhusa hiyo, kabla ya Hanshin kumwachia 2006 na kupokea dola milioni 26 kutoka New York Yankees.

Sasa tumtendee haki mwajiri wa Sasaki. Kwa kanuni za Marekani, mchezaji wa kigeni aliye chini ya miaka 25 hawezi kusaini mkataba mkubwa, analipwa bonasi ya vijana tu. Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Orix, alisubiri akavuka umri huo, akasaini Dodgers kwa dola milioni 325 mwishoni mwa 2023, na Orix ikavuna zaidi ya milioni 50. Sasaki hakusubiri. Lotte ilimwachia mwishoni mwa 2024, Dodgers hao hao wakampa bonasi ya milioni 6.5, na Lotte ikabaki na takriban milioni 1.6 kwa kipaji ilichokilea miaka mitano. Kampuni yoyote ingenuna. Niongeze kwamba klabu za Japani huwalea vijana wao vizuri, kwa mabweni, madaktari na uvumilivu, na kima cha chini cha mchezaji wa kikosi cha kwanza ni yeni milioni 16, takriban dola laki moja.

Lakini hata Sasaki naye alipoteza. Kwa kusubiri miaka miwili angeweza kupata mamilioni mengi ya dola, na aliyaacha. Mtu anayeacha pesa ya namna hiyo ili aondoke mapema hawezi kuelezwa kwa neno uroho. Waliomshambulia Januari 2024 walikuwa wakipima tamaa kwa kipimo kibovu.

Je, wachezaji hawana chama? Wanacho, kilitambuliwa kama chama cha wafanyakazi mwaka 1985, na Septemba 2004 kiliongoza mgomo wa kwanza na wa pekee wa ligi hiyo, siku mbili za mwisho wa wiki bila besiboli, chini ya mwenyekiti wake, mchezaji Atsuya Furuta. Wamiliki walitaka kuunganisha Kintetsu na Orix na kupunguza timu. Tsuneo Watanabe, mkuu wa Yomiuri, aliposikia kwamba Furuta anataka kukutana na wamiliki, alimjibu kupitia waandishi kwamba ajue nafasi yake, yeye ni mchezaji tu. Kauli hiyo iliwaleta mashabiki upande wa wachezaji kuliko hotuba yoyote ya chama, na 2005 timu mpya ya Rakuten ikaingia kuziba pengo. Ila mgomo ule uliokoa idadi ya timu. Kusubiri uhuru kwa miaka mingi, ambako chama kimeendelea kudai kupunguzwe, na kikao cha mtu mmoja mmoja vilibaki.

Kilichosogea ni suala la wakala, na nadhani hakikupewa uzito unaostahili. Klabu zilikubali mawakala tangu mazungumzo ya baridi ya 2000, kwa masharti mawili: wakala awe mwanasheria, na amwakilishe mchezaji mmoja tu. Sharti la pili lilikuwa la kijanja kuliko lilivyoonekana. Mwanasheria mwenye mteja mmoja anajua mshahara mmoja. Septemba 2024 Tume ya Biashara ya Haki ya Japani iliionya ligi kwamba masharti hayo yanashukiwa kukiuka sheria ya ushindani, na ligi ilikuwa imeyafuta kabla ya onyo kutangazwa.

Kwa hiyo sasa mtu mmoja anaweza kuingia chumbani kwa niaba ya mrushaji wa Hanshin asubuhi na wa Seibu jioni. Anajua ofa zote mbili, hahitaji makadirio ya gazeti. Anajua pia ni klabu gani imeshamwahidi nani ruhusa ya kwenda Marekani, na katika msimu gani. Misimu 9 bado iko pale pale.